Mmea mmoja, dawa tofauti: kwa nini idadi ya kromosomu kwenye mitishamba inatuhusu

Ukinunua dawa mseto ya malaria katika duka la dawa Mwanza, Kisumu au Bujumbura, kipimo chake kimeandikwa kwenye pakiti. Kidonge cha kawaida cha ALu kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Lakini ukichuma majani ya pakanga nyuma ya nyumba na kuyachemsha, hakuna anayeweza kukuambia umekunywa kiasi gani cha dawa.

Artemetha hutengenezwa kutokana na artemisinini, kemikali inayopatikana kwenye mmea wa Artemisia annua. Wengi huuita mmea huo artemisia, na wengine humwita kila ndugu wa jamii hiyo pakanga. Kwa miaka mingi sasa umekuwa ukilimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania na kusini magharibi mwa Uganda, na chai ya majani yake inauzwa na kugawiwa sehemu nyingi barani. Mwaka 2020, wakati wa janga la corona, kinywaji cha Madagascar kilichotengenezwa kwa artemisia kililifikisha jina la mmea huo hadi kwa watu ambao hawakuwahi kuusikia, na Tanzania ilituma ndege kwenda kukichukua.

Mjadala uliofuata ulijikita kwenye swali moja: je, artemisia inatibu au haitibu? Katika makala haya tunaanza na swali linalotangulia hilo: artemisia ipi? Mimea miwili ya jina moja, inayofanana kwa macho, inaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa ndani yake. Mojawapo ya sababu za tofauti hiyo, na ambayo huzungumzwa mara chache nje ya maabara, ni idadi ya kromosomu.

Kromosomu ni nini, na kwa nini mimea huzidisha?

Kila seli ya kiumbe hai ina maelekezo ya jinsi ya kujijenga na kufanya kazi. Maelekezo hayo, yaani jeni, yamepangwa kwenye nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu. Binadamu ana kromosomu 46: seti moja ya 23 kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kiumbe mwenye seti mbili huitwa diploidi.

Kwa binadamu, hata kromosomu moja ya ziada ina athari kubwa. Nakala ya tatu ya kromosomu namba 21 ndiyo inayosababisha hali ya Down. Mimea ni wavumilivu zaidi. Mingi huishi vizuri ikiwa na seti tatu, nne, sita au hata nane nzima.

Tunaila mimea ya aina hiyo kila siku. Ndizi za matoke zinazoliwa Uganda, Kagera na Rwanda zina seti tatu, na ndiyo sababu hazina mbegu: seti tatu haziwezi kugawanyika sawasawa wakati wa kutengeneza mbegu. Viazi mviringo vina seti nne. Ngano ya mkate ina seti sita. Mmea wenye seti tatu huitwa triploidi, na wenye nne huitwa tetraploidi.

Mabadiliko haya hutokea yenyewe porini, lakini pia yanaweza kusababishwa na binadamu. Tangu mwaka 1937 watafiti wamekuwa wakitumia kolchisini, kemikali inayotoka kwenye maua fulani ya jamii ya yungiyungi na ambayo pia ni dawa ya jongo. Ikiwekwa kwenye mbegu au chipukizi, huzuia seli isigawanyike wakati kromosomu zake zimekwisha kujirudufu. Seli hubaki na seti nne badala ya mbili, na mmea unaoota kutokana na seli hizo huwa tetraploidi.

Kwa chakula, matokeo yake mara nyingi ni tunda kubwa au jani nene. Kwa dawa, suala ni zito zaidi, kwa sababu tunachokitafuta kwenye mtishamba ni kemikali zake.

Onyo kutoka kwa mmea wa majini

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mmea uitwao Acorus calamus. Huota kwenye maji na matope, majani yake ni marefu kama ya matete, na shina lake la ardhini lina harufu nzuri. Kwa karne nyingi limetumika Asia, Ulaya na Amerika Kaskazini kutibu matatizo ya tumbo, kutia ladha kwenye vinywaji na kutengeneza manukato. Katika tiba za asili za India bado lina nafasi kubwa.

Kwa muda mrefu wafanyabiashara waliuza na kununua mizizi hiyo kama bidhaa moja. Wanasayansi walipohesabu kromosomu, walikuta makundi tofauti. Ule wa Amerika Kaskazini una kromosomu 24, yaani seti mbili. Ule ulioenea Ulaya tangu karne ya 16 una 36, yaani seti tatu. Hauzai mbegu, bali huenezwa kwa kukata na kupanda mashina yake. Na katika maeneo ya India na Asia Mashariki kuna wenye kromosomu 48, yaani seti nne.

Tofauti hiyo inaonekana pia kwenye mafuta yake. Kemikali inayohusika inaitwa beta-asaroni. Katika mmea wa seti mbili haipatikani. Katika ule wa seti tatu ipo kwa kiasi, mara nyingi karibu asilimia 10 ya mafuta au chini ya hapo. Katika ule wa seti nne inaweza kuzidi asilimia 80.

Beta-asaroni si kitu cha kupuuzwa. Majaribio ya miaka ya 1960 yalionyesha kuwa panya waliolishwa mafuta ya mmea huo kutoka India walipata uvimbe wa saratani. Mwaka 1968 Marekani ilipiga marufuku kutumia mmea huo na mafuta yake kwenye vyakula. Marufuku hiyo ililihusu jina zima la mmea, ikiwemo ile aina ya Amerika isiyo na kemikali hiyo.

Hapa kuna funzo la pande mbili. Mgonjwa aliyedhani amenunua dawa ya tumbo isiyo na madhara angeweza kuwa amenunua yenye sumu nyingi. Na mamlaka ya udhibiti ikisoma jina tu, inaweza kuzuia kilicho salama pamoja na kilicho hatari. Jina la mmea halikumtosha mgonjwa wala mdhibiti.

Pakanga na hesabu ya shamba

Kutoka kwenye mfano wa hatari turudi kwenye mfano wa tiba: Artemisia annua.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2023 kulikuwa na visa milioni 263 vya malaria na vifo 597,000, vingi vikiwa barani Afrika. Dawa mseto zenye viambato vya artemisinini ndizo nguzo ya matibabu, na sehemu kubwa ya artemisinini hiyo bado hutoka shambani. Tatizo ni kwamba mmea huizalisha kwa kiasi kidogo sana. Katika majani makavu, mara nyingi ni chini ya asilimia 1. Tani moja ya majani hutoa kilo chache tu.

Kwa hiyo wazo la kuongeza kromosomu lilikuwa la kuvutia. Artemisia annua ya kawaida ina kromosomu 18, yaani seti mbili za 9. Ikipewa seti nne, je, haitatoa dawa zaidi?

Watafiti wa Uholanzi walilijaribu jambo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999. Walitengeneza artemisia ya seti nne kwa kutumia kolchisini, wakaipanda sambamba na ile ya kawaida, na kupima kemikali zake msimu mzima. Wastani wa artemisinini kwenye majani ya seti nne ulikuwa juu kwa asilimia 38. Lakini mafuta yenye harufu ya mmea huo yalipungua kwa asilimia 32, na mimea ilitoa majani machache. Walipopiga hesabu kwa kila mita ya mraba ya shamba, artemisinini ilikuwa pungufu kwa asilimia 25.

Takwimu hizo zinaeleza mengi. Kwa makadirio yetu kutokana na asilimia hizo, uzito wa majani ulishuka hadi karibu nusu. Kwa mwenye kiwanda anayenunua majani kwa kilo, mmea wa seti nne ni habari njema. Kwa mkulima anayelipwa kwa uzito wa gunia, ni hasara. Kwa nchi inayotafuta dawa ya kutosha kutoka kwenye ardhi iliyopo, vilevile ni hasara, isipokuwa mbegu hiyo iboreshwe zaidi. Tafiti za baadaye nchini China nazo zilipata artemisinini zaidi kwenye mimea ya seti nne, lakini swali la uzito wa majani halikwepeki.

Kwa nini kemikali hubadilika?

Kuna sababu kadhaa, na hufanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni wingi wa nakala. Kila kemikali kwenye mmea hutengenezwa kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Jeni ndiyo maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho. Mmea wenye nakala nne za jeni badala ya mbili unaweza kutengeneza vimeng'enya vingi zaidi. Unaweza, lakini si lazima, kwa sababu seli mara nyingi huzima baadhi ya nakala za ziada au kuzipunguza nguvu.

Ya pili ni ukubwa wa seli. Seti nyingi za kromosomu huhitaji nafasi, hivyo seli huwa kubwa. Artemisinini hutengenezwa na kuhifadhiwa kwenye tezi ndogo mno zilizo juu ya majani na maua, mithili ya vinywele vyenye vifuko. Kwenye mmea wa seti nne tezi hizo kwa kawaida huwa kubwa zaidi, ingawa idadi yake katika eneo lile lile la jani inaweza kuwa ndogo. Wakati huohuo seli kubwa hugawanyika polepole, na mmea unaweza kudumaa.

Ya tatu ni ushindani wa malighafi. Artemisinini na baadhi ya kemikali za mafuta yenye harufu hutokana na malighafi ile ile ndani ya seli. Ni kama maji ya mfereji mmoja yanayogawiwa mashamba mawili: ukifungulia zaidi upande huu, ule mwingine hukauka. Ndiyo maana haishangazi kwamba artemisinini ilipanda huku mafuta yakishuka.

Kwa sababu hizi hakuna kanuni moja inayofaa kwa mimea yote. Katika miaka ya 1940 watafiti nchini Uingereza walipata alkaloidi nyingi zaidi kwenye datura iliyoongezewa kromosomu. Alkaloidi hizo, mfano atropini, ni dawa kwa kipimo na ni sumu kwa kuzidi, kwa hiyo jani lenye nguvu zaidi lina faida kiwandani na hatari nyumbani. Na katika Achillea, mtishamba wa Ulaya unaotumika kwa tumbo na vidonda, kuna ndugu wa seti nne wanaotoa mafuta ya rangi ya buluu yanayotafutwa na watengeneza dawa, ilhali wale wa seti sita kwa kawaida hawatoi. Huko kromosomu zaidi zimeambatana na kukosekana kwa kile kinachotafutwa.

Si idadi pekee

Tungekuwa tunakosea kama tungeacha picha kwamba kromosomu ndizo zinazoamua kila kitu. Historia ya artemisinini yenyewe inaonyesha vinginevyo.

China ilipoanzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria mwaka 1967, mwanasayansi Tu Youyou na timu yake walipekua maandishi ya kale ya tiba. Humo walikuta maelekezo ya karne ya 4 ya kuloweka mmea uitwao qinghao kwenye maji na kuukamua, bila kuuchemsha. Mwaka 1971 walifaulu kupata kiini chenye nguvu kwa kutumia etha badala ya joto kali. Lakini baadaye iligundulika kuwa mimea iliyoota karibu na Beijing ilikuwa na artemisinini kidogo, wakati ile ya Sichuan ilikuwa na nyingi zaidi. Mwaka 2015 Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel.

Mimea ya Beijing na ya Sichuan ilikuwa ya spishi moja. Hata kati ya mimea yenye idadi sawa ya kromosomu, tofauti ndogo ndani ya kromosomu hizo zinaweza kuwa na uzito mkubwa. Uchambuzi wa jenomu ya artemisia uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha aina yenye artemisinini nyingi na nyingine yenye kidogo. Ile yenye nyingi ilikutwa na nakala zaidi za jeni inayosimamia hatua ya kwanza mahsusi ya kutengeneza kemikali hiyo.

Juu ya hayo kuna udongo, mwinuko, mwanga, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Majani yaliyovunwa baada ya maua kukomaa hayalingani na yaliyovunwa mapema, na kuchemsha kwa muda mrefu huharibu sehemu ya artemisinini. Idadi ya kromosomu huweka mipaka ya kile mmea unachoweza kutoa. Kinachofika kwenye kikombe huamuliwa na mengi zaidi.

Hili lina maana gani kwetu?

Kwanza, kwa wakulima. Baada ya WHO kupendekeza dawa mseto mwaka 2001, mahitaji ya artemisinini yalipanda ghafla. Kufikia mwaka 2005 kilo moja ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Wakulima wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, waliingia kwenye kilimo hicho. Ndani ya miaka miwili bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200, na wengi wakaacha. Katika soko la namna hiyo, anayesalia ni mwenye mbegu yenye kemikali nyingi na majani mengi kwa pamoja. Mbegu bora za artemisia ni chotara, na mkulima akitunza mbegu kutoka shambani mwake ili apande msimu ujao, kizazi kinachofuata hutawanyika: baadhi ya mimea hubaki na nguvu, mingine hupoteza. Kwa macho haiwezi kutofautishwa.

Pili, kwa wagonjwa. Mwaka 2019 WHO ilirudia msimamo wake wa kutopendekeza chai, unga au vidonge vya majani ya artemisia kwa ajili ya kuzuia au kutibu malaria. Moja ya sababu ni hii tuliyoieleza: kiasi cha artemisinini hakitabiriki. Kuna pia jamaa wa mmea huo mwenye asili ya Afrika, Artemisia afra, ambaye naye huitwa artemisia au pakanga na hutumika kwa homa na kikohozi. Huyo ana artemisinini kidogo mno au hana kabisa. Mama anayempa mtoto mwenye homa kali kikombe cha majani hayo anaweza kuwa anapoteza saa ambazo mtoto huyo hana.

Tatu, kwa ukanda mzima. Watafiti wamethibitisha kuwepo kwa vimelea vya malaria vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini nchini Rwanda, Uganda na Eritrea, na vimeonekana pia Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Dawa inapotumiwa kwa kipimo kidogo mara kwa mara, vimelea dhaifu hufa na vyenye uwezo wa kuvumilia hubaki na kuzaana. Hatari hiyo ipo kwa vidonge bandia na kwa dozi zisizomalizwa, na majani yasiyopimwa yanaweza kuiongeza.

Je, hii ina maana mitishamba iachwe? Hatusemi hivyo. Artemisinini yenyewe ni zawadi ya tiba ya asili, na bila maandishi yale ya kale pengine isingepatikana. Lakini safari kutoka qinghao hadi kwenye kidonge ilikuwa safari ya kupima: spishi ipi, kutoka wapi, sehemu gani ya mmea, kiasi gani.

Vipimo hivyo havihitaji miujiza. Kromosomu zinaweza kuhesabiwa kwa darubini kutoka kwenye ncha ya mzizi mchanga. Kuna pia mashine zinazokadiria kiasi cha DNA kwenye jani kwa dakika chache. Na kemikali zenyewe hupimwa kwenye maabara za aina ambayo mamlaka za dawa hutumia kukagua vidonge. Nchi zetu zinasajili dawa za asili na kuhamasisha kilimo cha mitishamba. Usajili unaotaja jina la mmea pekee, bila chanzo cha mbegu na kiwango cha kemikali kwa kila bechi, unaacha nje jambo la msingi.

Kwa mkulima anayeletewa mbegu, maswali ni haya: mbegu hii ni ya aina gani, imepimwa wapi, na nitalipwa kwa uzito wa majani au kwa kiasi cha dawa kilichomo? Kwa mnunuzi wa mtishamba: kuna kipimo gani kwenye pakiti, na nani amekithibitisha? Na kwa mzazi ambaye mtoto wake ana homa, hatua ya kwanza ni kipimo cha malaria kwenye kituo cha afya. Kikionyesha vimelea, ampe dozi kamili ya dawa mseto hadi mwisho, hata kama mtoto ameshaanza kucheza siku ya pili.